Plastiki zilizokwaruzwa za pikipiki za mchangani: mng'aro wa kweli na wa mafuta

Kila ikifika majira ya baridi hapa Oman, barabara ya kwendea Bidiyah hujaa magari yaliyobeba pikipiki za magurudumu manne, zile ambazo vijana huzipandisha na kuziteremsha kwenye vilima vya mchanga mpaka usiku. Joto likirudi, nyingi katika hizo huuzwa. Wanunuzi si Waomani peke yao. Sisi tunaotoka upande wa pili wa bahari nasi tumo, kwani huko Unguja pikipiki hizi hutembeza watalii, na kijana mwenye moja au mbili hupata riziki yake.

Miaka michache iliyopita tulinunua moja kwa niaba ya mpwa wetu. Fedha zilikuwa zake, amezidunduliza, na sisi alituamini kwa sababu tuko karibu na soko. Tuliiona jioni, taa zinawaka, madigadi yake mekundu yanang'ara kama yametoka kiwandani jana. Tukalipa. Asubuhi tukaiosha kwa sabuni ili tuipige picha, na mng'aro wote ukaondoka na maji. Kilichobaki ni wekundu uliopauka, mikwaruzo kila upande na, kwenye tundu la skrubu la madigadi ya nyuma, ufa wa urefu wa kidole. Muuzaji alikuwa amepaka mafuta ya silikoni. Tulipompigia simu alitujibu kuwa chombo kikitumika hukwaruzika, jambo ambalo kwa hakika hatukuweza kulikanusha.

Aibu ya kumueleza mpwa wetu ndiyo iliyotupeleka kwa fundi mmoja, mzee wa Kizanzibari, mwenye gereji yake Wadi Kabir. Tuliyojifunza kwake tumeona tuwapatie wasomaji wetu, kwani tunajua hatuko peke yetu.

Plastiki si bati. Mlango wa gari umepakwa rangi kwa juu tu. Madigadi ya pikipiki nyingi za mchangani ni polipropilini au polithini, na rangi imechanganywa humo humo kabla plastiki haijaingia kwenye kalibu. Kwa hiyo chini ya mkwaruzo kuna wekundu ule ule, na chini ya ngozi iliyopaushwa na jua pia. Dawa yake ni kupunguza, si kuongeza. Rangi ya kupuliza haishiki vizuri kwenye plastiki hizi. Bila ya dawa maalumu ya kuishikisha, hubanduka kwa mapande. Hata hivyo, ziko mashine ambazo plastiki zake zimepakwa rangi na vanishi. Tazama upande wa ndani: ukiona rangi tofauti na ya nje, weka msasa chini.

Kazi yenyewe haina siri, ina uchovu. Unafungua plastiki zote, unaziondoa stika, unaosha mpaka mchanga wote utoke. Mikwaruzo iliyofanya kingo unaiparuza kwa wembe uliousimamisha. Kisha msasa wa maji: namba 400, halafu 600, 1000, mpaka 2000, na maji hayakauki. Kila namba inafuta alama za iliyotangulia. Sisi tulitaka kuruka 600 ili tuwahi chakula cha mchana, na mistari ile ikatusubiri mpaka mwisho. Ikabidi turudi nyuma. Baadaye ni polishi ya kusugulia na kitambaa cha pamba. Ijumaa na Jumamosi yetu yote ilikwisha hapo.

Zile alama nyeupe zinazotokea plastiki inapopindwa hazitaki msasa. Zinataka joto, kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, na weupe unapotea mbele ya macho yako. Lakini polithini huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na polipropilini kwenye 160 hivi, na mashine hizo huweza kupita nyuzi 500. Mkono usisimame. Wetu ulisimama kidogo, na pembe moja ikajikunja kama jani lililoungua. Iko hivyo mpaka leo. Aidha, usithubutu kupuliza moto plastiki ikiwa bado iko kwenye pikipiki, karibu na tangi la petroli.

Sehemu nyeusi zenye vinundunundu zisiguswe na msasa, maana vinundu vikifutwa havirudi. Na kioo cha taa, ambacho aghalabu ni polikaboneti, kina ngozi ya kukikinga na jua. Ukiisugua ikatoka ni lazima upake nyingine, ama sivyo baada ya muda kitapauka tena.

Ufa ndio jambo jengine kabisa. Hakuna polishi inayoufunga, na mtetemo wa injini huurefusha kila siku. Mzee alitoboa kitundu kidogo mwishoni mwake ili usiendelee, akasoma herufi zilizochapwa kwa ndani, PP, akauchomelea kwa kipande cha plastiki ya aina hiyo hiyo. Kovu linaonekana. Tulimwambia aliache lionekane.

Tulimpelekea mpwa wetu picha zote, za kabla na za baada, na ya kovu tukaiweka mbele. Alijibu usiku huo huo, kwa maneno matatu: "Mjomba, injini je?"

Injini, kwa bahati, ilikuwa nzima.