Meno ya Bledi na Unene wa Chuma: Msumeno wa Mkanda katika Karakana za Mwanza

Katika eneo la viwanda la Nyakato, katika karakana za vyombo vya majini zilizo kandokando ya Ziwa Victoria, na katika gereji zinazoihudumia migodi ya dhahabu ya Geita, kila aina ya chuma ina namna yake ya kukatwa. Mabamba mapana, mfano wa yale yanayofunika ubavu wa meli kama MV Mwanza, yenye urefu wa mita 92.6 na iliyoshushwa majini jijini Mwanza tarehe 12 Februari 2023, hukatwa kwa moto wa gesi au kwa plasma. Engo, chaneli, mabomba, skwea paipu na shafti hukatwa ama kwa grainda, ama kwa msumeno wa mkanda, yaani mashine inayozungusha utepe wa chuma wenye meno juu ya magurudumu mawili. Grainda hupatikana kila duka la vifaa, lakini hurusha cheche, hupoteza chuma na huacha ncha iliyoungua ambayo sharti isafishwe kabla ya kuchomelewa, ilhali msumeno wa mkanda huacha mkato ulionyooka na wenye upana usiozidi sana milimita mbili. Gharama yake kubwa baada ya kununuliwa ni utepe huo, ambao mafundi huuita bledi, na ambao mara nyingi hununuliwa upya kwa kuulizia urefu peke yake, kana kwamba bledi zote zinazoenea kwenye mashine moja ni kitu kimoja.

Ni kweli kwamba urefu hauna mjadala. Kwa mashine yenye magurudumu mawili yanayolingana, urefu wa bledi ni sawa na umbali kati ya vitovu vya magurudumu ukizidishwa mara mbili, kisha ukajumlishwa na mzingo wa gurudumu moja; hivyo mashine yenye magurudumu ya kipenyo cha milimita 300, ambayo vitovu vyake vimeachana kwa milimita 750, huhitaji bledi ya milimita 1,500 na 942, yaani 2,442. Kipimo hicho huchukuliwa gurudumu la kukazia likiwa katikati ya mwendo wake, ili bledi iweze kuingizwa bila kulazimishwa na bado ibaki nafasi ya kuikaza. Upana nao huamuliwa na vishikizo vinavyoiongoza bledi karibu na mahali pa kukatia, kwa kuwa bledi nyembamba kuliko vishikizo hivyo huacha meno yake yakisagwa ndani ya vishikizo, na pana kupita kiasi huyumba.

Unene ndio huwapotosha wengi, kwa sababu akili ya kawaida husema kwamba kitu kinene ni imara zaidi. Bledi haifi kwa kuvutwa, bali kwa kukunjwa na kukunjuliwa. Bledi ya milimita 2,442 inayokwenda kwa mita 60 kwa dakika hukamilisha mizunguko ipatayo 1,470 kwa saa, na kwa kuwa kila mzunguko huipitisha kwenye magurudumu mawili, hupindwa karibu mara 3,000 katika saa hiyo moja. Kadiri ilivyo nene ukilinganisha na gurudumu lake, ndivyo upande wake wa nje unavyonyooshwa kwa nguvu zaidi kila inapopinda, na ndivyo nyufa ndogo zinavyotangulia kuanza. Kwa sababu hiyo mashine ndogo za mezani hutumia bledi ya milimita 0.65, zile za wastani hutumia ya milimita 0.9, na ya milimita 1.1 huachiwa mashine kubwa zenye magurudumu ya kipenyo kikubwa. Anayeweka bledi nene kwenye mashine ndogo hupata bledi inayokatika mapema zaidi, meno yake yakiwa bado makali.

Baada ya vipimo hivyo vitatu, mashine haina neno tena, na kinachobaki huamuliwa na chuma chenyewe. Hapa ndipo bledi nyingi huharibikia. Idadi ya meno huhesabiwa kwa inchi, na kanuni inayokubalika katika ufundi huu ni kwamba wakati wowote wa kukata meno yaliyo ndani ya chuma yasipungue matatu, yasizidi 24, na yakiwa kati ya sita na 12 kazi hwenda vizuri zaidi. Kila jino huchonga chenga nyembamba na kuibeba katika bonde lililo mbele yake hadi litokeze upande wa pili. Meno yakiwa mengi mno ndani ya chuma kinene, bonde hujaa kabla jino halijatoka, chenga hukosa pa kwenda, na bledi huanza kuteleza juu ya chuma na kupata moto. Meno yakiwa machache mno kwenye chuma chembamba, ukingo wa chuma huingia katika bonde lenyewe, jino hugonga ukingo huo kwa nguvu yote ya mota, na hung'oka. Likishang'oka moja, linalofuata hupokea kishindo mara mbili, na katika muda mfupi sehemu nzima ya bledi hubaki kibogoyo.

Shafti ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 100 ni mfano unaoeleweka. Bledi yenye meno matatu hadi manne kwa inchi huweka ndani yake, mkato unapofika katikati, meno kati ya 12 na 16, ambayo ni hesabu nzuri. Bledi yenye meno kumi hadi 14 kwa inchi huweka kati ya 39 na 55, na shafti hiyo hiyo hukatwa kwa muda mrefu, kwa kelele na kwa mkato unaopinda. Skwea paipu ya madirisha na mageti ni kinyume chake. Bledi inapoanza hukuta ukuta wa juu wote kwa mapana yake na hukata kwa utulivu. Ukuta huo ukishakatika, zinabaki kuta mbili zilizosimama, kila moja ikiwa na unene wa milimita 1.5 hivi, na kwa bledi ya meno 14 kwa inchi nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1.8. Kwa maneno mengine, hata bledi yenye meno madogo namna hiyo haina uhakika wa kuwa na jino moja ndani ya ukuta kila wakati. Kanuni ya meno matatu haiwezi kutimizwa hapo, na kinachomwokoa fundi ni kulegeza mkandamizo ili msumeno ushuke polepole, au kubana skwea paipu kadhaa pamoja bega kwa bega, ili bledi igawane mzigo kati ya kuta nyingi.

Namna ya kulaza chuma nayo hubadilisha hesabu bila kugharimu chochote. Engo ya milimita 50 yenye unene wa milimita sita, ikilazwa ubavu mmoja chini na mwingine ukiwa umesimama, huilazimisha bledi kupita kwenye ukuta wa milimita sita, kisha ghafla kuingia kwenye ubavu wenye mapana ya milimita 50. Ikigeuzwa mgongo juu kama paa la nyumba, bledi hukuta kila ubavu kwa mshazari, unene huo huo ukawa milimita 8.5 pande zote mbili, na mzigo haubadiliki sana toka mwanzo wa mkato hadi mwisho.

Kwa karakana zinazokata vitu mchanganyiko, na nyingi za Mwanza ni za namna hiyo, zipo bledi ambazo nafasi kati ya meno hutofautiana kwa mpangilio maalumu, na ndiyo maana huandikwa kwa namba mbili, kama 5/8 au 10/14. Faida yake kubwa iko katika mtetemo: meno yaliyoachana sawasawa hugonga chuma kwa mdundo mmoja, na mdundo huo ukikubaliana na mtetemo wa asili wa bledi au wa kipande kinachokatwa, mashine hupiga yowe na meno huchakaa haraka; nafasi zikitofautiana, mdundo huvunjika. Hata hivyo bledi ya aina hiyo haifanyi miujiza. Karakana inayokata skwea paipu asubuhi na shafti za boti mchana inanufaika zaidi kwa kuwa na bledi mbili na kuzibadilisha, kuliko kutafuta moja ya kati na kati ambayo itaharibiwa na kazi zote mbili.

Swali la chuma cha bledi yenyewe ni swali la joto. Bledi za bei ya chini hutengenezwa kwa chuma chenye kaboni, ambacho hupata ugumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Chuma cha aina hiyo hakikuletwa na meli ufukweni mwa ziwa hili: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science jinsi wafua chuma wa Buhaya, upande wa magharibi wa ziwa, walivyokizalisha katika tanuri zao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Udhaifu wake ni kwamba ugumu huanza kupungua joto linapopita nyuzi 200 za Selsiasi hivi, na ncha ya jino linalochonga chuma hufika huko kwa urahisi. Kati ya mwaka 1898 na 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem nchini Marekani, waligundua namna ya kukiandaa chuma chenye tangisteni na kromiamu ili kibaki kigumu hata kinapoelekea kuwa chekundu kwa moto, karibu na nyuzi 600. Lakini chuma hicho ni kigumu mno kukunjwa mara 3,000 kwa saa. Bledi zinazotumika sana leo hutatua mgogoro huo kwa kuunganisha aina mbili: mgongo wa chuma cha springi kinachovumilia kupindwa, na juu yake uzi mwembamba wa chuma kigumu uliochomelewa kwa mwale wa elektroni, ambamo ncha za meno hukatwa.

Uzi huo, katika daraja linaloitwa M42, huwa na kobalti ipatayo asilimia nane, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika maeneo ya Kolwezi na Likasi. Malori yanayoipitisha Tunduma kwenda bandari ya Dar es Salaam hayasimami Mwanza, lakini si ajabu madini yaliyopita kwenye njia hiyo yakarudi nchini yakiwa ncha za meno.

Kobalti hiyo hulipa zaidi kwenye chuma kisichoshika kutu, ambacho viwanda vya kusindika minofu ya sangara mkoani Mwanza hukitumia kwa meza, mabomba na matangi kwa sababu za usafi. Chuma hicho kina tabia inayomshangaza fundi aliyezoea chuma laini: kikisuguliwa bila kukatwa, uso wake huwa mgumu zaidi, na jino linalofuata hukuta ukuta mgumu kuliko lililotangulia. Kwa hiyo ule upole unaookoa meno kwenye skwea paipu ya chuma laini huwa sumu hapa. Bledi hupunguzwa mwendo hadi mita 30 au 40 kwa dakika, takribani nusu ya mwendo wa chuma laini, lakini mkandamizo hubaki wa kutosha ili kila jino liume na kutoa chenga.

Mwendo unaosomeka kwenye kibao cha mashine nao si wa kuaminiwa moja kwa moja. Mashine iliyotumika, iliyoundwa kwa ajili ya nchi yenye umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde, kama Marekani au upande wa magharibi wa Japani, ikifungwa Tanzania ambako umeme ni wa mizunguko 50, mota yake ya kawaida huzunguka kwa mwendo uliopungua kwa sehemu moja ya sita. Kibao kikisema mita 60, bledi inakwenda 50. Kwa chuma kigumu upungufu huo hauna madhara, na huenda hata ukawa na faida. Kwa chuma laini hurefusha muda wa kazi, na fundi asiyeujua huuziba kwa kukandamiza zaidi.

Bledi mpya, hata ikichaguliwa kwa usahihi wote huu, inahitaji kuzoeshwa. Ncha za meno yasiyotumika ni kali kiasi cha kuvunjika, na kwa mikato ya mwanzo mkandamizo hupunguzwa hadi karibu nusu huku mwendo ukiachwa ulivyo, hadi ncha zipate mviringo mdogo na mlio wa mashine utulie. Chenga ndizo zinazotoa taarifa baada ya hapo. Zilizojikunja na kubaki na rangi ya fedha zinaonyesha kazi iliyo sawa, unga laini unaonyesha meno yanayosugua, na chenga nene zilizogeuka buluu zinaonyesha mkandamizo uliozidi au maji ya kupozea yasiyofika penye mkato.

Ushahidi mwingine uko kwenye bledi iliyokatika, ambayo kwa kawaida hutupwa kwenye chuma chakavu kabla haijaangaliwa. Nyufa zilizoanzia katika mabonde ya meno hutokana na kukazwa kupita kiasi, na unene usiolingana na magurudumu. Zilizoanzia mgongoni hutokana na mkandamizo mkubwa, na beringi ya nyuma iliyolika. Meno yaliyong'oka kwa kundi yanaonyesha idadi ya meno isiyofaa kwa unene wa chuma. Bledi iliyokata upande upande huku meno ya upande mmoja yakiwa yamelika zaidi huelekeza lawama kwenye vishikizo, na bledi mpya ikifungwa kabla ya vishikizo kurekebishwa itapinda vivyo hivyo ndani ya wiki. Bledi iliyoachana kwenye kiungo peke yake, meno yakiwa mazima na makali, ilichomelewa bila kiungo kupashwa moto tena na kupozwa taratibu ili kisibaki kigumu na chepesi kuvunjika. Hiyo haihitaji bledi ya aina nyingine, bali hurudishwa kwa aliyeiunganisha.