Kipawa Si Kifuniko cha Dhambi

Somo: 2 Samweli 12:1–14



Tuseme katika kanisa moja huku kwetu Kericho au Bomet, mwalimu wa kwaya amemnajisi binti wa mchuma majani chai. Wazazi wanaleta shauri kwa wazee. Mzee mmoja anasema, "Tulifunike. Mashindano ya kwaya yamekaribia, na ni nani mwingine ajuaye kufundisha sauti nne kama yeye?" Je, amenena vema?

Tutazame Rwanda. Simon Bikindi alikuwa mtungaji na mwimbaji mwenye sifa kubwa nchini humo. Mwishoni mwa Juni 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, alipita barabarani katika gari lenye kipaza sauti, akiwahimiza Wahutu wawaangamize Watutsi. Tarehe 2 Desemba 2008 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Usanii wake haukumpunguzia hatia. Tena majaji waliuhesabu umaarufu wake kuwa jambo lililozidisha uzito wa kosa, kwa maana aliutumia kuwapoteza waliomsikiliza.

Biblia nayo yafundisha hivyo. Daudi alikuwa mpiga kinubi hodari, lakini alimtwaa mke wa Uria, kisha akapanga Uria afe vitani. Nabii Nathani hakuzihesabu zaburi zake kuwa malipo ya damu ile. Alimkabili uso kwa uso. Wala Daudi hakuimba ili ajitetee. Zaburi ya 51 ni maungamo. Alisamehewa, lakini matunda machungu ya dhambi yake yalibaki nyumbani mwake.

Ndugu msikilizaji, mchumaji mwepesi huleta kilo nyingi mizanini, lakini kilo hizo hazimpi ruhusa ya kumpiga mwenzake shambani. Kipawa ni amana. Katika Luka 12:48 Bwana Yesu atufundisha kwamba aliyekabidhiwa zaidi atadaiwa zaidi.

Basi, wazee wapendwa, msiyauze machozi ya binti kwa kikombe cha mashindano. Apelekwe hospitali, polisi waarifiwe, na mwalimu aondolewe mbele ya kwaya. Akitubu, tumwombee, lakini toba yake haifuti kesi. Afadhali Jumapili tuimbe kwa sauti moja iliyo safi.

Tuombe. Ee Bwana, utupe ujasiri wa Nathani na moyo uliovunjika wa Daudi. Uwaponye walioumizwa. Kwa jina la Yesu, Amina.