Nani Kavua Zaidi?

Haya wanangu, tegeni masikio niwasimulie habari za kamba wa Ghuba ya Ungwana, pale Mto Tana unapomwaga maji yake baharini karibu na Kipini.

Kamba jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu baharini. Yakianguliwa, vitoto vyake, vidogo hata kuliko punje ya mchele, huletwa na maji kujaa hadi kwenye mikoko. Humo mna chakula, na mizizi ya kujifichia. Vikishakua miezi michache hutoka kurudi baharini, na mto ukivimba kwa mvua za masika hutoka kwa wingi. Mvuvi wa mtumbwi analijua hilo. Hahangaiki kuwafuata kamba mbali. Huwangoja kwenye maji madogo, akatupa kimia chake.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme kilo moja ya kamba ni shilingi 500. Boti ya mashine ina wavuvi watatu, wamepata kilo 6 na kuchoma petroli ya shilingi 1,500. Mtumbwi wa makasia una wavuvi wawili, wamepata kilo 4 tu. Kila mmoja anaondoka na ngapi? Wa boti, shilingi 500. Wa mtumbwi, 1,000! Watoto wa pwani hulijua hili kabla ya kwenda shule, maana ndilo linaloamua kama usiku kutaliwa wali au uji.

Lakini hesabu haijaisha, kwani jua halimwonei kamba huruma. Mtazame kichwani: ndani yake mna tumbo na vimeng'enya vyake, na akishakufa hivyo ndivyo huanza kumwozesha. Kichwa huwa cheusi, kisha hulegea, na tajiri anayenunua akimwona hivyo hushusha bei papo hapo. Dawa ni barafu, kiasi cha kilo moja kwa kila kilo ya kamba, na iwekwe tangu chomboni. Pasipo barafu, mvuvi hodari huuza kwa bei ya mvivu.

Na zile meli kubwa zinazokokota nyavu chini ya bahari? Hizo hupata kamba wengi kweli. Ila wavu wao ukipanda juu, sehemu kubwa huwa si kamba: ni samaki wadogo, kaa na takataka, na wengi wa hao hutupwa wakiwa wamekufa. Samaki hao hao ndio mvuvi wa jarife angewavua mwakani. Ugomvi ulikuwa mkubwa, hata mwaka 2006 Kenya ikazisimamisha meli hizo ghubani. Mwaka 2011 zikarudi, safari hii kwa mpango wenye masharti.

Ukiniuliza mimi, kabla ya kuwaongezea wavuvi wadogo mashine, wapeni kwanza barafu ya uhakika, na mikoko isikatwe.