Titian na Marsyas: Rangi inapobeba uchungu wa mwili

KATIKA kasri la maaskofu wakuu mjini Kroměříž, Jamhuri ya Czech, kumehifadhiwa mchoro ambao si rahisi kuutazama kwa muda mrefu. Unaonyesha kiumbe aliyening’inizwa mtini miguu juu kichwa chini, akichunwa ngozi ilhali yu hai.

Kiumbe huyo ni Marsyas. Aliyemchora ni Titian, au Tiziano Vecellio kwa jina la Kiitaliano, bingwa wa uchoraji wa Venice aliyefariki mwaka 1576 wakati mji huo ulipokuwa umekumbwa na tauni. Wataalamu huihesabu kazi hii miongoni mwa zile za mwisho alizozishughulikia uzeeni, katika miaka ya 1570.

Swali ambalo limewashughulisha wengi ni hili: imekuwaje tukio la kikatili kiasi hiki liguse moyo badala ya kuchukiza tu? Jibu limo katika namna rangi ilivyopakwa.

Kisa chenyewe kinatokana na visasili vya Wagiriki wa kale, na kilisimuliwa pia na mshairi wa Kirumi, Ovid. Marsyas, nusu mtu nusu mbuzi, aliokota zumari iliyotupwa na mungu wa kike Athena, akawa fundi wa kuipuliza. Majivuno yakamponza. Alithubutu kushindana na Apollo, mungu wa muziki, kwa sharti kwamba mshindi angemtendea mshindwa apendavyo. Apollo alishinda kwa kinubi chake, na adhabu aliyoichagua ndiyo hii.

Wachoraji wa enzi ya Mwamko wa Ulaya walipenda visasili vya aina hii. Hata hivyo, hawakuvichora kwa njia moja. Mjini Florence, msingi wa kazi ulikuwa mstari: umbo lilichorwa kwanza kwa makini, kisha likajazwa rangi. Wachoraji wa Venice waliipa rangi yenyewe jukumu la kujenga umbo. Aidha, kwa kuwa hewa yenye unyevu ya mji huo uliozungukwa na maji iliharibu mbao na michoro ya ukutani, walizoea mapema kupaka rangi za mafuta juu ya turubai.

Titian aliifikisha mbinu hiyo mbali zaidi. Brashi ikiburutwa juu ya kitambaa chenye nyuzi nene, rangi hushika vilele vya nyuzi na kuacha mabonde wazi. Matokeo yake ni uso unaoonekana kutetemeka. Mwanahistoria wa sanaa Giorgio Vasari, aliyemtembelea Titian mwaka 1566, alieleza kwamba kazi zake za uzeeni zilionekana kama mabaka zikitazamwa kwa karibu, lakini zilikamilika mtazamaji aliposogea nyuma.

Maelezo mengine yanatoka kwa mchoraji Palma il Giovane, na yalichapishwa na Marco Boschini mwaka 1674. Kwa mujibu wake, Titian aliweza kuugeuza mchoro ukutani kwa miezi kadhaa, kisha akaurudia na kuukagua kana kwamba ni adui yake. Mwishoni alitumia vidole zaidi ya brashi.

Mbinu hiyo inaafikiana na kisa. Mwili wa Marsyas hauna mstari unaoutenga na majani, gome la mti na hewa inayouzunguka. Rangi za udongo zimetawala kila mahali, na wekundu umejitokeza hapa na pale. Ngozi inatengana na nyama, na rangi nayo ni kama inatengana na turubai. Jicho la mtazamaji linalazimika kuunganisha vipande, na kwa kufanya hivyo linashiriki katika tukio.

Jambo la pili linalotia simanzi ni utulivu. Hakuna anayepiga kelele. Anayeaminika kuwa Apollo amepiga goti, kisu mkononi, akifanya kazi yake kwa uangalifu kama fundi. Karibu naye kuna anayepiga ala ya nyuzi. Mbwa mdogo analamba damu iliyodondoka. Uso wa Marsyas, uliopinduliwa karibu na ardhi, unamtazama moja kwa moja anayeutazama mchoro.

Kwa watu wa Venice, mateso hayo hayakuwa ngano tu. Mwaka 1571, kamanda wao Marcantonio Bragadin alichunwa ngozi akiwa hai baada ya mji wa Famagusta, kisiwani Cyprus, kutekwa na Waturuki. Baadhi ya wanahistoria huhusisha mchoro huu na mkasa huo, ingawa wengine wanapinga.

Upande wa kulia ameketi mzee mwenye taji, ameshika tama. Huyo ni Mfalme Midas, na wataalamu kadhaa wanaamini kwamba Titian alimpa sura yake mwenyewe. Ikiwa ni kweli, basi msanii aliyekaribia kaburi alijiweka mahali pa shahidi: anaona yote, hazuii lolote, wala hageuzi uso.

Mchoro hausemi iwapo Apollo alitenda haki. Unamwachia mtazamaji kiti kile kile cha Midas, na uzito wa kutazama.