Kuweka Mfumo Endeshi Huria Katika Swichi: Somo Tulilolipata Lurujo

Utangulizi

Huenda ukashangaa kuona kijarida cha idara ya Kiswahili kikizungumzia swichi za mtandao wa kompyuta. Hatujapotea njia. Wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Lurujo, katika ukanda wa Arua na Koboko, Nili Magharibi, walituletea swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu.

Shule waliyopangiwa ilikuwa na swichi moja yenye matundu manane, iliyokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika hapo. Kompyuta za maabara ya wanafunzi, ya mhasibu na ile ambayo walimu huandalia mitihani, zote zilichomekwa humo. Kwa maneno mengine, mwanafunzi mdadisi aliyeketi maabara angeweza kuifikia kompyuta ya mitihani. Mtengenezaji alikuwa ameacha kutoa marekebisho ya usalama ya swichi hiyo, na shule haikuwa na fedha za kununua nyingine.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amesikia kwamba mfumo wa ndani ya swichi unaweza kubadilishwa. Aliwaomba wanafunzi wetu waieleze kazi hiyo kwa Kiswahili mbele ya klabu yake ya kompyuta, ambamo wengine husema Kikakwa nyumbani, wengine Kilugbara, na wengine wametoka upande wa Kongo. Hapo ndipo tulipogundua kwamba maneno hatukuwa nayo.

Swichi ni nini?

Swali la kwanza la klabu lilikuwa hili: "Mwalimu, swichi si ile ya kuwashia taa?" Swali lilikuwa la haki. Neno ni moja, vitu ni viwili. Tulijibu kwa mfano wa sokoni. Ukitaka kumwita mtu katika soko la Arua, unaweza kupaza sauti, nao wote wakageuka. Ndivyo vilivyofanya vifaa vya zamani vya kuunganishia kompyuta: kila ujumbe ulipelekwa kwa kila kompyuta. Swichi haifanyi hivyo. Kila kompyuta inapotuma ujumbe, swichi huisoma anwani ya mtumaji na kukumbuka imetoka katika tundu lipi. Baada ya muda mfupi inajua nani yuko wapi, na hupeleka ujumbe kwa mwenyewe tu, kama tarishi aijuaye mitaa yake. Ikipokea ujumbe wa mtu isiyemjua bado, huupeleka katika matundu yote mengine hadi mwenyewe aitike.

Kazi hiyo ya kupeleka hufanywa na kipande maalumu cha elektroniki. Juu yake huwa na kompyuta ndogo inayotoa maagizo: nani aruhusiwe, tundu lipi lifungwe, mtandao ugawanywe vipi. Kompyuta hiyo ndogo ndiyo yenye mfumo endeshi, na ndio huo unaobadilishwa. Izingatiwe kuwa swichi za bei nafuu kabisa, zisizo na ukurasa wa mipangilio, haziingii katika somo hili.

Huria maana yake nini?

Mfumo huria ni ule ambao maandishi yake ya asili yako wazi: yeyote aweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Huenda pia ukawa wa bure, lakini bure siyo maana yake. Tulioutumia unaitwa OpenWrt, na asili yake inafundisha. Mnamo mwaka 2003 watu waligundua kuwa ruta ya Linksys WRT54G ilikuwa na Linux ndani yake. Linux hutolewa kwa leseni inayomtaka anayegawa programu iliyojengwa juu yake atoe pia maandishi yake ya asili. Maandishi hayo yakatolewa, na mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msingi huo. Kwa miaka mingi ulihusu ruta zaidi. Toleo la 21.02, lililotoka mwaka 2021, lilianza kuhudumia swichi ndogo zenye kipande cha Realtek, zikiwamo baadhi za Zyxel za jamii ya GS1900. Katika vituo vikubwa vya data, swichi kubwa nazo huendeshwa kwa mifumo huria kama SONiC, iliyoanzishwa na Microsoft.

Hatua za kazi

Tuliandamana na wanafunzi wetu wiki iliyofuata. Tunazieleza hatua kwa ufupi, kwa sababu kila aina ya swichi ina maelekezo yake, na hayo ndiyo ya kufuatwa.

Kwanza, jua jina kamili la swichi. Geuza kifaa usome kibandiko cha chini, pamoja na namba ya toleo. Swichi mbili zenye jina moja na toleo tofauti zaweza kuwa na viungo tofauti kabisa ndani. Linganisha na orodha ya vifaa ya OpenWrt. Kama haimo, usijaribu.

Pili, pakua mafaili kabla ya safari. Aghalabu ni mawili: la muda, ambalo huendesha swichi kutoka katika kumbukumbu yake ya kazi, na la kudumu. Kila faili huwa na namba ndefu ya uhakiki. Kompyuta yako ikikokotoa namba hiyo na kupata nyingine, faili limeharibika njiani. Sisi tulipuuza ushauri wa kupakua mapema, tukatumia simu palepale Lurujo, na namba zikakataa kulingana. Mmoja wetu akasema tuendelee hivyo hivyo. Tulimkatalia, tukarudi Koboko mjini kwa boda boda kupakua upya. Siku ikapotea, swichi ikapona.

Tatu, hifadhi cha zamani. Nakili mipangilio iliyopo, na utafute mfumo wa awali wa mtengenezaji, ili uweze kurudi ulikotoka.

Nne, unganisha kompyuta moja tu na swichi, na uipe anwani isiyobadilika, kwa mfano 192.168.1.10, kwa kuwa OpenWrt kwa kawaida hupatikana katika 192.168.1.1. Katika aina nyingi za GS1900, faili la muda huingizwa kupitia ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe. Swichi ikiamka na mfumo mpya wa muda, ndipo linapowekwa la kudumu.

Tano, linda umeme. Dakika chache za kuandika mfumo ndizo za hatari. Umeme ukikatika hapo, swichi yaweza isiamke tena. Tulitumia betri ya sola ya shule, wala hatukungoja kuona kama umeme ungedumu. Swichi isipoamka, fundi anaweza kuifikia kwa waya maalumu unaounganishwa ndani ya kifaa, ambao lazima uwe wa volti 3.3. Waya wenye volti zaidi utaua hata kile kilichobaki.

Sita, weka neno la siri mara moja. Mfumo mpya huanza bila neno la siri, na kuuacha hivyo ni kama kujenga nyumba mpya bila mlango.

Mwisho tuligawa matundu katika mitandao miwili isiyoonana: maabara upande mmoja, mhasibu, mitihani na printa upande wa pili. Mwanafunzi mmoja wa klabu akajaribu kuiita kompyuta ya mitihani kutoka maabara. Haikuitika. Walimu walipumua.

Kazi yetu walimu wa lugha

Siku ile tulijifunza zaidi ya ufundi. Mkono wa fundi haukushindwa popote. Kilichotukwamisha kila mara kilikuwa neno. Tulipotumia "mfumo endeshi", "neno la siri" na "namba ya uhakiki", klabu ilielewa. Tulipokosa neno tukalitamka la Kiingereza, vichwa viliinama, na waliobaki wakisikiliza ni wale wawili watatu waliokwisha kulijua. Kwa "swichi" tuliafikiana kusema "swichi ya mtandao", ili ile ya taa isituvurugie somo.

Wapo waliotutangulia. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na kazi kubwa ndani yake ilikuwa ya istilahi. Uganda nayo, tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtoto wa Lurujo afanye nini na kifaa kilicho mezani kwake, urasmi wake utabaki kwenye karatasi.

Hitimisho

Kurasa za mipangilio za OpenWrt hutafsiriwa na watu wanaojitolea, popote walipo. Hakuna sharti la kuwa mhandisi. Lililo la lazima ni kuijua lugha na kuwa na subira ya kumuuliza fundi. Tunapendekeza wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaosoma tafsiri na istilahi wapewe kazi hii kuwa zoezi la muhula, nasi tuko tayari kuisimamia. Wasomaji wenye istilahi bora kuliko zetu wazilete idarani, tuzijadili. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na anayetegemea maneno ya wenzake hatakuwa na hali bora.