Sauti ya mhusika ni bidhaa, vipimo vyake visibadilike

KATIKA biashara ya nafaka, mteja akikuta gunia la leo halifanani na la jana, kesho atanunua kwa jirani. Biashara ya sauti ni hivyo hivyo. Anayeigiza mzee kwenye mchezo wa redio, au mbuzi kwenye katuni, hulipwa kwa sababu wiki ijayo mzee atakuwa yule yule na mbuzi yule yule.

Kazi hii si ngeni. Nchini Uingereza, BBC ilianza mwaka 1951 kurusha nchi nzima mchezo wa The Archers, kwa ushauri wa Wizara ya Kilimo, ili kuwasaidia wakulima kuongeza chakula baada ya Vita Kuu ya Pili. Mchezo huo ungalipo. June Spencer, aliyekuwamo kwenye majaribio ya mwaka 1950, alistaafu mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 103.

Hapa kwetu, Twende na Wakati ulianza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, na visa vya Mkwaju, dereva wa lori, vikazungumzwa vijiweni. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa sauti za Kiswahili. Ongeza katuni za watoto, matangazo ya mbegu na dawa za mifugo, na vipaza sauti vya wauza nguo, utaona kwamba kazi ipo hata kwa kijana wa kijijini mwenye simu na kipaji.

Anza na mtu

Wengi wanaoanza hubana koo, wakatoa sauti ya kuchekesha, wakadhani wamemaliza. Anza na mtu kwanza. Ana umri gani? Anafanya kazi gani? Anataka nini, na anamwogopa nani?

Ukishamjua, pima mambo manne: sauti iko juu au chini, inatokea puani au kifuani, inakwenda haraka au polepole, na pumzi ni ndefu au fupi. Mama muuza dagaa, aliyezoea kushindana na kelele za soko, ataongea haraka na kwa pumzi fupi. Mzee mfugaji anayeuza ng'ombe ataongea taratibu, na atanyamaza kidogo kabla ya kutaja bei.

Jihadhari na kuiga lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke. Mkulima akisikia mhusika anayemfanana anafanywa mjinga, hataamini hata ushauri mzuri wa mbolea unaofuata.

Mali bila daftari

Sauti huundwa siku moja, lakini kazi huendelea kwa miezi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila mhusika, andika yale mambo manne, kisha rekodi kwenye simu sekunde 30 za sauti yake. Isikilize kila unapoingia studio.

Chagua pia sentensi moja ya kumwita mhusika, ambayo ukiitamka sauti inarudi yenyewe. Kumbuka ulivyosimama, maana mwili ukibadilika sauti hubadilika. Umbali wa mdomo na kipaza sauti uwe ule ule. Shibiri moja yatosha.

Ukiigiza wawili wanaojibizana, watofautishe kwa mambo mawili au zaidi. Rekodi maneno yote ya mmoja kwanza, ndipo uingie kwa mwenzake. Kurukaruka kati yao ndiko huwafanya wafanane kadiri mchezo unavyoendelea.

Linda koo

Nyuzi za sauti za mwanamume hutikisika zaidi ya mara 100 kila sekunde anapoongea, na za mwanamke hukaribia mara 200. Ukizilazimisha zitavimba, na mwenye koo bovu hana duka.

Kwa hiyo usiuze kwenye usaili sauti usiyoweza kuishika kwa saa nzima. Kunywa maji, na sehemu za kupiga kelele ziache mwisho. Koo likiuma, acha. Hiyo sauti umeiunda vibaya. Ukipauka sauti zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali.

Soma kabla ya kusaini

Mkulima hauzi mazao bila kujua kilo. Nawe uliza: ni vipindi vingapi, vitarushwa wapi, kwa muda gani, na vikirudiwa utalipwa nini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji, lakini makubaliano ya mdomo ni magumu kuyathibitisha.

Siku hizi kuna swali jingine. Programu za akili mnemba zinaweza kujifunza sauti yako kutoka rekodi fupi, kisha zikaongea bila wewe. Waigizaji wa michezo ya kompyuta nchini Marekani waligoma Julai 2024 kudai ulinzi dhidi ya jambo hilo, na wakapata mkataba mpya mwaka 2025.

Dai iandikwe kwamba sauti yako haitafundishiwa mashine bila ridhaa na malipo. Ukiuza maziwa, ng'ombe hubaki zizini. Angalia usije ukasaini karatasi inayomchukua na ng'ombe.