Mkataba wa Kabla ya Mvua

Kila yanapotokea mafuriko, gazeti la siku ya tatu au ya nne hubeba picha ileile: meneja wa kampuni amevaa fulana yenye nembo, mkuu wa mkoa yuko kando yake, na wote wawili wameshika mfano wa hundi. Sina ugomvi na hundi. Fedha hununua dawa na kumlipa dereva. Ugomvi wangu ni na tarehe. Ifikapo siku ya nne, aliyekuwa akihitaji kamba, mashua na maji salama usiku wa kwanza ama amekwisha kuokolewa na majirani na vijana wa kujitolea, ama hasaidiki tena.

Wanaojitolea hutangulia kufika kwa sababu wanaishi palepale. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria mwaka 1962, cha Kenya mwaka 1965, na nguvu ya vyote viwili iko kwenye matawi: kijana anayejua nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea, na njia ipi hukatika kwanza mto ukijaa. Lakini kijana huyo hana lori, hana ghala, hana mtambo wa kuondoa kifusi. Vitu hivyo anavyo mfanyabiashara wa mji uleule. Desemba 3, 2023, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji jirani, saa za mwanzo zilihitaji mitambo ya kusukuma tope kuliko kitu kingine chochote. Mkandarasi mwenye kijiko na dereva wake, aliyekwisha kukubaliana na kamati ya maafa nani atampigia simu na mafuta atalipa nani, hutoka usiku uleule. Asiye na makubaliano hungoja barua.

Mfano mkubwa kuliko yote niujuao katika ukanda wetu ni wa Kenya, mwaka 2011. Julai 20 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Kenya yenyewe ilikuwa na watu zaidi ya milioni tatu waliohitaji chakula. Wiki moja baadaye Msalaba Mwekundu wa Kenya, wakfu za Safaricom na benki ya KCB, pamoja na chama cha wamiliki wa vyombo vya habari, walizindua kampeni ya Kenyans for Kenya wakiwa na lengo la kukusanya shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja. Lengo lilivukwa kabla ya mwezi kuisha. Mwenye shilingi kumi alitoa kumi.

Wengi hukumbuka kiasi cha fedha. Mimi huangalia nani alileta nini. Kampuni ya simu ilileta njia ya malipo ambayo mama wa sokoni alikuwa akiitumia tangu 2007 kumtumia mwanawe nauli. Hakukuwa na jambo jipya la kumfundisha. Benki ilileta akaunti na mahesabu. Redio na televisheni zilitoa muda wa hewani. Msalaba Mwekundu ulileta wenyeji wake wa Turkana na kwingineko kaskazini, watu wanaojua kisima kipi kimekauka. Kila mmoja alifanya kazi yake ya kila siku, ila safari hii aliifanya kwa ajili ya wenye njaa. Ushirikiano ukijengwa hivyo haumlazimishi mtu wa benki kugawa unga, wala muuguzi wa kujitolea kutunza leja ya mamilioni.

Hata hivyo, kampeni ile ilichelewa. Vuli ya 2010 ilikuwa haba, masika ya 2011 nayo ikawa haba, na wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wameonya mapema. Ukame huja polepole, mifugo ikifa mmoja mmoja, na hauna picha ya kushtua mpaka mtoto akonde. Kama makubaliano yaleyale yangetiwa saini Novemba, fedha zingenunua lishe ya mifugo na kutengeneza visima wakati mbuzi bado wako hai. Mfugaji aliyebakiwa na mbuzi wake hahitaji kugawiwa unga kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo nia njema hupotea bure kuliko mahali pengine. Kampuni nyingi hupenda kutoa maji ya chupa. Lori la tani kumi hubeba takribani lita 10,000. Kiwango cha chini kinachotumika duniani katika kambi za maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na usafi. Piga hesabu: lori zima linawatosha watu wasiofika 670, kwa siku moja tu, na kesho lije jingine kwenye barabara iliyokatika. Upande wa pili weka vidonge vya klorini. Kidonge kimoja cha miligramu 67 husafisha lita 20 za maji maangavu, yaani ndoo moja kubwa. Kasha la vidonge 16,000, ambalo bodaboda hulibeba, hutosha lita 320,000. Maji yakiwa na tope, yachujwe kwa kitambaa na dozi iongezwe mara mbili. Bado zinabaki lita 160,000.

Ila kidonge hakijitumii chenyewe. Lazima awepo mtu wa kueleza kwamba ungoje nusu saa kabla ya kunywa, kwamba ndoo iwe safi na yenye mfuniko, kwamba ile harufu si sumu. Mtu huyo ni mjitoleaji aliyefundishwa, anayezungumza lugha ya kijiji na kuaminiwa na akina mama. Duka la dawa lilete vidonge, kiwanda cha plastiki kilete ndoo, tawi lilete watu. Maji ya chupa yabaki kwa zahanati na kwa saa chache za mwanzo.

Ndani ya hati ya makubaliano huwa naangalia mambo ambayo hayapendezi kwenye picha. Kwanza, ufunguo wa ghala uko kwa nani saa nane usiku wa Jumapili? Yawepo majina mawili, na simu zijaribiwe kila baada ya miezi michache. Pili, bei. Muuzaji akubali kwamba mahema na magunia yatauzwa kwa bei ya kabla ya maafa, naye ahakikishiwe kulipwa ndani ya siku zilizotajwa. Mfanyabiashara si lazima atoe bure. Duka linalolipwa vizuri wakati wa shida hubaki wazi, na duka lililo wazi ni msaada kwa mtaa mzima.

Lipo jambo la tatu ninalolipenda zaidi: akiba iliyomo ndani ya biashara yenyewe. Chama kikinunua biskuti za lishe na kuzifungia ghalani, muda wake wa matumizi ukipita zinaharibika. Lakini duka la jumla likikubali kwamba stoo yake haitapungua chini ya katoni kadhaa, za zamani zikiuzwa na mpya zikiingia, akiba haichakai kamwe. Gharama yake ni ndogo, na hakuna anayemwaga chakula.

Kuna gharama moja ambayo karibu kampuni zote huikwepa. Kujitolea si bure. Mjitoleaji anahitaji buti, koti la mvua, glavu, nauli, chakula cha mchana, mafunzo ya huduma ya kwanza, na bima ya ajali. Nimesoma maombi mengi ya ufadhili ambamo mstari huu ndio hukatwa kwanza, eti ni matumizi ya uendeshaji. Kumpeleka kijana wa miaka ishirini kwenye maji yaendayo kasi bila bima wala kamba ni dhuluma, hata kama amekubali kwa moyo wake.

Wenye biashara nao hupata kitu. Tangu 2015, mradi wa Ramani Huria umewatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora ramani za mitaa inayofurika, Tandale ikiwemo, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Mwenye ghala bonde la Msimbazi anaweza kuona mfereji uko wapi na maji hupita wapi. Bidhaa zake zinaweza kupandishwa kwenye rafu za juu kabla ya masika, na wafanyakazi wake wakajua njia ya kutokea.

Mwenye kiwanda au duka wilayani asianze na tangazo wala fulana. Aende tawi la Msalaba Mwekundu na kwa kamati ya maafa ya wilaya Agosti, vuli ingali mbali, aulize swali moja: mara ya mwisho mliishiwa nini? Watamjibu papo hapo, na mara nyingi jibu ni kitu kidogo: betri za tochi, dizeli, muda wa maongezi kwenye simu, au mtu wa kuandika kilichopokelewa na kilichotoka.